Medali Nne Si Medali Nne: Matriksi Zinavyosoma Olimpiki

Ethiopia ilirudi kutoka Tokyo na medali nne, na ikarudi kutoka Paris na medali nne. Anayetazama jumla peke yake atasema mambo ni yaleyale. Siyo. Ukizipanga medali hizo katika matriksi, utaona tofauti kwa hesabu ya kutoa tu.

Matriksi ni namba zilizopangwa kwa mistari ya kulala na safu za kusimama. Hapa mistari ni Kenya, Uganda na Ethiopia, na safu ni dhahabu, fedha na shaba. Tokyo, michezo ya 2020 iliyofanyika 2021:

4 4 2
2 1 1
1 1 2

Paris, 2024:

4 2 5
1 1 0
1 3 0

Kujumlisha ni kuchukua kila namba na mwenzake aliye mahali palepale. Dhahabu za Kenya ni 4 + 4, yaani 8. Fedha za Uganda ni 1 + 1, yaani 2. Matokeo kamili:

8 6 7
3 2 1
2 4 2

Ndivyo mwanahisabati Mwingereza Arthur Cayley alivyoiandika kanuni hii ya kujumlisha mwaka 1858, akiwa bado wakili London.

Utamu uko kwenye kutoa. Paris ukiondoa Tokyo:

0 -2 3
-1 0 -1
0 2 -2

Mstari wa Ethiopia ukiujumlisha unapata sifuri, lakini ndani yake shaba mbili zimeondoka na fedha mbili zimeingia: nchi imepanda daraja bila kuongeza hata medali moja. Kenya ndiyo kinyume chake. Imeongeza medali moja, kutoka 10 hadi 11, ila imepoteza fedha mbili na kupata shaba tatu. Ni nani aliyefanya vizuri zaidi kuliko Tokyo? Kwa jedwali hili, Ethiopia.

Usiku wa Agosti 5, 2024, huko Paris, waamuzi wenyewe walilazimika kufanya hesabu hii. Faith Kipyegon wa Kenya alimaliza wa pili katika mita 5,000, kisha akaondolewa kwa madai ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia. Sifan Hassan wa Uholanzi akapandishwa hadi fedha, na Nadia Battocletti wa Italia akapewa shaba. Mistari ikiwa Kenya, Uholanzi na Italia, marekebisho yalikuwa haya:

0 -1 0
0 1 -1
0 0 1

Kila safu ukiijumlisha inatoa sifuri, kwa kuwa medali zilihama tu, hazikuzaliwa. Kenya ikakata rufaa, ikakubaliwa usiku uleule. Kurudisha medali kulikuwa sawa na kujumlisha matriksi ileile iliyogeuzwa alama, na mabadiliko yote yakafutika.

Sharti ni moja, na ndilo wanafunzi wengi hulikosea: matriksi zote mbili ziwe na ukubwa mmoja na mpangilio mmoja. Rio 2016 Uganda haikupata medali, hivyo haimo kabisa kwenye orodha ya washindi. Ukichukua orodha hiyo ilivyo, una mistari miwili dhidi ya mitatu, na hapo hakuna kujumlisha wala kutoa. Mwandikie Uganda mstari wake wa 0 0 0. Kenya ilikuwa na 6 6 1, Ethiopia 1 2 5. Sasa toa Rio kutoka Paris, uone dhahabu za Kenya zimepungua ngapi.