Kupima Ubora wa Sanaa ya Uhalisia ya Kirusi

Mwaka 1863 wanafunzi 14 wa Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini St. Petersburg, wakiongozwa na Ivan Kramskoi, walikataa kuchora miungu waliyopangiwa katika shindano, wakajitoa. Mwaka 1870 likaundwa shirika la maonyesho ya kusafiri, lililopeleka mikoani michoro ya maisha ya kawaida. Ubora wa michoro hiyo, na wa hadithi za karne hiyo, hupimwa kwa kuangalia kama hukumu juu ya jamii imo ndani ya vitu na watu wenyewe, au imebandikwa tu.

Kwanza huangaliwa vitu. Katika hadithi ya Gogol, “Koti” (1842), ufukara wa karani unaonekana katika kubana matumizi kwake: anaacha chai ya jioni, hawashi mshumaa, anakanyaga polepole soli zisilike. Kitu kinachoweza kuondolewa bila kupunguza maana ni pambo.

Pili ni mpangilio. Katika mchoro wa Grigory Myasoyedov wa mwaka 1872, wajumbe wakulima wa baraza la wilaya wanakula mkate nje. Dirishani mtumishi anapangusa vyombo vya wakubwa. Wakubwa hawaonekani, lakini tofauti ya tabaka inajulikana. Vasily Perov, katika mchoro wake wa unywaji chai huko Mytishchi (1862), amemweka kasisi mnene mbele ya askari kilema anayeomba. Ujumbe ni mkali, lakini unakaribia kuwa katuni.

Tatu ni utu wa kila mmoja. “Wavuta Majahazi wa Volga” wa Ilya Repin (1873) una watu 11, na hakuna wawili wanaobeba uchovu kwa namna moja. Kijana mmoja anauinua ukanda unaombana kifua. Mwandishi Dostoevsky aliusifu mchoro huo kwa sababu watu hao hawamlilii mtazamaji awahurumie.

Nne ni ukweli usiopendelea. Katika “Hawakumtarajia”, Repin aliuchora upya mara kadhaa uso wa mfungwa anayerudi nyumbani. Mvulana amefurahi, msichana ana wasiwasi, na mapokezi bado hayajaamuliwa. Mwandishi Chekhov naye, katika hadithi yake “Wakulima” (1897), anaonyesha mzigo wa kodi bila kuficha ulevi na vipigo vya kijijini. Kazi inayowafanya maskini wote kuwa malaika huwa imeshindwa kipimo hiki, hata kama imechorwa au kuandikwa kwa ustadi.