Viraka vya Kizungu Katika Maneno Yetu

Msomaji mpenzi, neno hili nakuletea kutoka Kirumba, mjini Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Wewe uliyeko Tanga, Mombasa au Unguja huenda ukasema: "Huko bara Kiswahili kilifika kwa misafara, basi kuharibiwa kwake si ajabu." Usiharakishe. Maradhi ninayotaka kuyaeleza hayachagui bara wala pwani, na pengine yamekwisha kuingia nyumbani kwako.

Maradhi yenyewe ni kuchomeka maneno ya Kiingereza ndani ya Kiswahili pasipo haja. Kijana huanza kusema kwa Kiswahili, katikati akatia "bikozi", na mwisho akafunga kwa "nimeapresieti". Mama yake aliyemzaa amekaa mbele yake, aitikia kwa kichwa, na nusu ya aliyoambiwa hakuifahamu.

Kwanza tutenge mambo mawili. Kukopa neno si aibu wala si dhambi. Meza tuliipata kwa Wareno, serikali kwa Waajemi, shule kwa Wajerumani, na baiskeli kwa Waingereza. Hata maulamaa wetu walilizungumza jambo hili. Yamo katika Qur'ani maneno ambayo wengine walisema asili yake ni ya ajamu, kama istabraq, yaani hariri nzito. Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 204 Hijria, alishikilia kuwa Qur'ani yote ni Kiarabu. Abu Ubayd akaja na kauli ya kusuluhisha: asili yaweza kuwa ya ajamu, lakini Waarabu waliyapokea maneno hayo na kuyatengeneza kwa ndimi zao, hata Qur'ani ilipoteremka yalikuwa Kiarabu. Nasi tumefanya vivyo hivyo. Tulipokea kitabu kutoka Kiarabu, tukalitia neno hilo katika ngeli zetu, tukasema vitabu, jambo ambalo Mwarabu halisemi. Neno lililopokewa hivyo analijua bibi na analijua mjukuu. Lakini huyu wa "bikozi" hakukopa, kwani "kwa sababu" anayo tangu utotoni. Ameacha chake akavaa cha mwenziwe ili aonekane amesoma.

Wengi hulalamika kuwa lugha yaharibika, na kweli yaharibika. Mimi nina khofu nyingine iliyo kubwa zaidi: kwamba maneno haya yanatuficha mambo ambayo dini yetu imekwisha kuyatolea hukumu.

Njoo Mwaloni, soko letu la samaki hapa Kirumba. Mama muuza dagaa ataka mtaji. Anamjia mtu wa mikopo, nadhifu, simu mkononi, amwambia: "Mama, intaresti ni ndogo tu, na penalti inakuja ukichelewa." Mama asaini. Lau mtu yule angesema, "Mama, nakukopesha kwa riba, na ukichelewa nakuzidishia," Mwislamu yeyote aliyesikia aya za Surat al-Baqara juu ya riba angeshtuka. Angeuliza, angerudi nyumbani kushauriana, huenda angekataa. "Intaresti" haikumshtua, kwa kuwa hakupata kuisikia msikitini wala chuoni. Jambo ni lile lile, ila limepita mlangoni bila kubisha hodi.

Tazama pia mchezo wa kubahatisha matokeo ya mpira, uliowashika vijana wetu kwa simu zao. Mwulize kijana afanya nini, atakujibu, "Nabeti tu." Mwambie, "Kumbe wacheza kamari?" Atakasirika! Kwa nini akasirike na kitendo ni kimoja? Kwa sababu kamari anaijua. Anajua kuwa imetajwa pamoja na ulevi katika Surat al-Maida. Kubeti hakumkumbushi kitu.

Hili si jipya. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) alitabiri kuwa watatokea watu watakaokunywa ulevi wakiupa jina lisilo lake. Jina likibadilika, hukumu haibadiliki. Kinachobadilika ni haya ya mtendaji.

Utasema, "Ewe sheikh, mbona hata Kiswahili huficha? Rushwa si huitwa chai?" Ni kweli, nami sikatai. Lakini chai ile aifahamu kila mtu, hata bibi kizee hucheka akisikia. Kisha hao hao akina mama wa sokoni, walipoumizwa na mikopo, waliipa jina kwa lugha yao: kausha damu. Jina hilo limeenea nchi nzima, na anayelisikia hahitaji kufasiriwa. Ndiyo nguvu ya lugha ya watu wenyewe, humwonya mtu kabla hajaumia.

Wala sisemi Kiingereza kisisomwe. Watoto wetu wa Tanzania husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Wakisome, tena wakisome barabara. Anayekijua sawasawa hukisema peke yake kinapohitajiwa, na Kiswahili akakisema peke yake. Wala wenye vilemba wasijione wamesalimika. Mhadhiri anayemimina Kiarabu robo saa pasipo tafsiri naye amewaacha wasikilizaji wake nje ya mlango. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikijua Kiarabu kuliko wengi wetu, na mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili. Ikiwa maneno ya Mwenyezi Mungu yalipatiwa tafsiri, mkataba wa mkopo utashindikanaje? Bunge la Tanzania nalo lilibadili sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Lakini hakimu aja baada ya kidole kwisha kutiwa wino.

Basi, ndugu yangu, nakuusia mambo mawili. Nyumbani, mtoto akisema na mama yake au bibi yake neno wasilolifahamu, mwambie alirudie kwa Kiswahili, kwa upole na bila kumcheka. Na mtu akikuletea karatasi ya kutia sahihi, mwambie akueleze yote kwa Kiswahili kitupu, tangu mwanzo hata mwisho. Likibaki neno moja ambalo hataki kulifasiri, hilo ndilo la kuuliza kwanza, na kalamu uiweke chini.

Mwenyezi Mungu atupe ndimi za kweli na riziki ya halali. Amin.