Pengo Kwenye Kromosomu ya 27

Kwa miaka mingi watafiti wa kuku waliujua mtaa anakoishi mhusika, ila nyumba hawakuijua. Mara kwa mara walipopandisha kuku wakubwa na wadogo, kisha wakapima uzito wa wajukuu, kromosomu ya 27 ilijitokeza. Badiliko lenyewe lilikuja kutajwa 2021, nchini China, katika utafiti uliokusanya vinasaba vya kuku 664.

Kiini chake kilikuwa familia moja. Kuku wa kienyeji wa Gushi, mkoani Henan, walipandishwa na Anka, kuku wa nyama wanaokua haraka, na watoto wao wakapandishwa wao kwa wao. Wajukuu ndio wenye thamani, maana kwao urithi wa pande zote mbili umechanganyika upya: kuku wanaolelewa pamoja na kula chakula kimoja wanatofautiana uzito na nyama, na tofauti hizo zinafuatilika hadi kwenye kinasaba.

Njia hiyo ni ya zamani. Jipya lilikuwa kipimo. Jenomu ya rejea waliyoitumia, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 2004, ilitokana na kuku-mwitu mwekundu, na vipande vya kuku wengine visivyolingana naye viliachwa kando. Watafiti hawa waliviokota, wakapata herufi milioni 66.5 za DNA zisizokuwemo kwenye rejea hiyo. Halafu wakauliza: kipande gani huyu anacho na yule hana?

Ndipo pengo likaonekana kwenye kromosomu ya 27, mbele ya jeni IGF2BP1, mahali panapoamua jeni isomwe kwa kiasi gani. Walilijaribu maabarani, wakalitafuta kwa kuku wengine, na ushahidi kwamba linagusa ukubwa wa mwili ukasimama. Kinachonishawishi zaidi ni bata. Mwaka 2018 ilionekana kwamba bata wa Pekin wana badiliko, mbali kidogo na jeni hiyohiyo, linaloifanya iendelee kufanya kazi baada ya kuanguliwa. Mwili huongezeka kwa asilimia 15.

Katika utafiti huo wa kuku, ubora wa nyama haukupata jibu safi namna hiyo, bali orodha ya vipande vya kushukiwa. Sishangai: uzito unasomwa kwenye mizani, lakini ulaini, rangi na mafuta vinafuata jeni nyingi, umri, lishe, hata namna ya kuchinja.

Kwa kuku wa kienyeji wa Tanzania kama Kuchi na Ching'wekwe, ningependa jenomu zao zisomwe nzima. Chipu za kupimia vinasaba zimeundwa zaidi kwa kufuata kuku wa kibiashara, na haziwezi kuuliza habari za kipande zisichokijua.