Kalulu wa Kitabu na Kalulu wa Kwihara

Vijana wetu hupenda vitabu vya hatari, vile ambavyo mtu havifungi mpaka ajue kama shujaa ameokoka. Juzi tulipata kukisoma kimoja cha zamani sana, nacho chahusu njia yetu hii itokayo Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji. Jina lake ni My Kalulu. Kilitungwa kwa Kiingereza na Henry Morton Stanley kwa ajili ya wavulana, kikapigwa chapa London mwaka 1873.

Selim, mtoto wa Mwarabu wa Unguja, aenda bara na msafara. Msafara washindwa vitani, naye afanywa mtumwa. Kisha achanjiana na Kalulu, kijana wa ukoo wa kifalme wa Watuta. Tuliwasimulia wavulana wa darasa letu habari hiyo jioni tatu, wala hawakutaka kwenda kulala.

Sifa yake ni ya haki. Mwandishi aliipita njia hii mwaka 1871, akakaa Kwihara, karibu na Tabora, siku za vita vya Mirambo na Waarabu. Basi asimuliapo pori na safari ya miguu, hasimulii ya kusikia. Tena alifanya jambo la akili: aliwaonjesha wasomaji wa Ulaya uchungu wa utumwa kwa kumtia utumwani mtoto wa tajiri, ambaye hawakumdhania.

Lakini watu wake, hata wakiwa hatarini, hutoa hotuba ndefu kupita kiasi. Simba na Moto wasifiwa kwa kuwa waaminifu kwa mtoto wa bwana wao. Mambo ya nyumbani kwao hatuyajui sana. Na mpagazi wa Kinyamwezi, ambaye bila bega lake pembe nyingi zisingalifika pwani, apita kama mti wa kando ya njia.

Mvulana mmoja alituuliza, "Mwalimu, Kalulu alikuwa mtu kweli?" Naam, alikuwako. Huko Kwihara Mwarabu mmoja alimpa Stanley mtoto mtumwa, kama mtu atoavyo mbuzi. Jina lake Ndugu M'hali. Stanley akambadilisha jina, akamwita Kalulu. (Kwa Wabemba neno hilo ni sungura, naye sungura wa hadithi huponyoka kila mtego.) Alipelekwa Uingereza, na mwaka 1874 alihudhuria maziko ya Livingstone katika Westminster Abbey. Akarudi Afrika pamoja na Stanley, akafa maji katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877.

Kalulu wa kitabu auzwa Unguja, na rafiki yake Selim amkuta huko, amkomboa. Mwisho huo wapendeza, nasi hatumlaumu mtoto aufurahiaye. Bali tungalipenda sura moja tu ambamo Ndugu M'hali aulizwa kwao ni wapi, na mama yake aliitwa nani. Sura hiyo haimo.