Soko Bila Wachuuzi: Sauti, Mahali na Kumbukumbu katika Kazi za Emeka Ogboh

Mwaka 2016, Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa za Kiafrika mjini Washington, Marekani, lilionyesha kazi ya msanii wa Nigeria, Emeka Ogboh, iitwayo Market Symphony. Masinia ya bati yaliyopakwa rangi, ya aina wanayotumia wachuuzi wa Nigeria kupangia bidhaa zao, yalitiwa vipaza sauti. Na katika vipaza sauti hivyo zilisikika sauti zilizonaswa katika soko la Balogun, Lagos. Vitambaa havikuwapo, nyanya hazikuwapo, wala muuzaji mwenyewe hakuwapo. Kilichosafirishwa ni sauti tu. Makala hii inakusudia kuuliza: sauti ya mahali ikiondolewa mahali pake, huwa ni kumbukumbu ya nani?

Sanaa ya namna hii bado ni ngeni katika uhakiki wa Kiswahili, ambao umezoea kushughulikia maandishi. Lakini tatizo lake si geni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, kwa kuwa yeye hukutana kila siku na utendaji uliotenganishwa na fanani wake. Mkanada R. Murray Schafer, katika kitabu chake The Tuning of the World (1977), aliuita mpasuko huo kati ya sauti na chanzo chake skizofonia, na neno hilo aliliunda kwa makusudi ili likumbushe maradhi ya akili. Kwa Schafer, mji wa kisasa ulikuwa mahali palipozidiwa na makelele. Ogboh, aliyezaliwa Enugu mwaka 1977, hana malalamiko ya aina hiyo. Kwake makelele ya Lagos ni matini.

Na ni matini hasa, si kwa njia ya sitiari. Utingo wa danfo, yaani yale mabasi madogo ya manjano ya Lagos, huita vituo kwa mfululizo: Obalende, CMS, na vinginevyo. Abiria anayetaka kushuka husema “owa”, neno la Kiyoruba, na gari husimama. Herufi za CMS ni za Church Missionary Society. Obalende, kwa masimulizi ya wenyeji, ni jina linalomtaja mfalme aliyewafukuza watu wakaishia pale. Balogun nalo ni cheo cha jemadari wa vita miongoni mwa Wayoruba. Kwa hiyo wamisionari, mfalme na jemadari hutajwa tangu alfajiri hadi usiku na kijana mwenye koo lililokauka, ambaye haja yake ni kujaza gari tu. (Mkazi wa Nairobi aliyewahi kuvutwa mkono na makanga hahitaji kufafanuliwa zaidi.) Ogboh ameushughulikia wito huu wa matingo kwa miaka mingi, na sikio lake halikukosea: ramani ya Lagos hutamkwa kabla ya kuchorwa.

Udhaifu wa onyesho la Washington unaanzia papo hapo. Msikilizaji asiyejua Kiyoruba, Kiigbo wala Pijini husikia mdundo na wingi wa watu. Bei inayotajwa, sifa za bidhaa, dhihaka anayotupiwa mnunuzi bahili, vyote humfikia vikiwa rangi moja. Hata jina la kazi humwelekeza huko, maana humtayarisha kusikia muziki. Lakini kupatana bei ni mjadala. Kila upande una hoja, una mbinu, una hasira ya kweli na ya kujifanya. Anayesikia mlio peke yake hajausikia mjadala, na ni rahisi kwake kutoka katika jumba hilo akiamini kwamba Afrika ni mahali penye sauti nyingi za kupendeza. Imani hiyo haikuhitaji msanii wa kuieneza.

Yaweza kujibiwa kwamba msanii si mkalimani. Hoja hiyo ina uzito, hasa akikumbukwa mtu wa Lagos aliyehamia Washington. Huyo hahitaji tafsiri. Sauti moja ya muuzaji humrudishia joto na harufu ya mahali. Basi katika chumba kimoja mlikuwa na kazi mbili, na iliyo bora zaidi ilikuwa ya wachache. Mnamo Novemba 2019, na tena Januari 2020, moto uliteketeza majengo katika eneo la Balogun. Tangu hapo hata huyo mhamiaji hawezi kusikiliza kama alivyosikiliza mwaka 2016.

Hata hivyo wataalamu wa lugha wasiwe wepesi wa kumlaumu Ogboh, kwani taaluma yao ina deni la zamani. Kati ya mwaka 1915 na 1918 tume iliyoongozwa na Carl Stumpf ilinasa sauti za wafungwa wa vita katika kambi za Ujerumani, wakiwamo Waafrika waliokuwa katika jeshi la Ufaransa. Carl Meinhof, ambaye hakuna mwanafunzi wa lugha za Kibantu asiyelijua jina lake, alikuwa miongoni mwa wataalamu walioshiriki. Mfungwa alijaziwa fomu: jina, mahali alikozaliwa, lugha yake. Kisha akahesabu, akasimulia au akaimba mbele ya mashine, na sauti yake ikawa sampuli. Sahani hizo zimehifadhiwa Berlin hadi leo.

Ni katika mji huohuo wa Berlin ambapo Ogboh, aliyefika huko mwaka 2014 kwa ufadhili wa Wajerumani, alitayarisha kazi iliyo bora kuliko ile ya Washington. The Song of the Germans ilionyeshwa Venice mwaka 2015, katika maonyesho yaliyosimamiwa na Okwui Enwezor. Wahamiaji kumi Waafrika wanauimba wimbo wa taifa wa Ujerumani kwa lugha zao, zikiwamo Kiigbo, Kiyoruba, Kitwi, Kisango, Kikongo na Kilingala. Kila mwimbaji ana kipaza sauti chake. Hapa Ogboh amelitatua tatizo lililomshinda sokoni. Lahani, iliyotungwa na Haydn, Mjerumani anaijua tangu utotoni, maneno yamemponyoka. Kutoelewa kwake hakuwezi tena kugeuka kuwa burudani, kwa sababu anajua hasa ni kitu gani asichokielewa: ni wimbo wake mwenyewe. Aliyekuwa sampuli mwaka 1915 sasa ndiye mwenye maana mdomoni.

Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha hizo kumi, ingawa kilifundishwa Berlin katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1887, kikiwa lugha ya kuwaandalia Wajerumani watawala wa Afrika Mashariki. Pengo hilo si dosari ya kazi, ila msikilizaji wa pwani hii hataacha kuligundua. Akisogea karibu na kipaza sauti kimoja atamsikia mwimbaji wa Kikongo peke yake, na huenda akalidaka neno moja au mawili ya Kibantu. Akirudi nyuma hatua chache, lugha kumi zinakuwa wimbo mmoja, na katika umati uliosimama pale ni vigumu kumpata hata mtu mmoja anayezielewa zote.