Chatu mdogo aliyesusa chakula

Mpwa wangu anayeishi Birmingham alinipigia simu mwishoni mwa Januari, usiku, sauti imemkauka. "Shikamoo mjomba. Chatu wangu hajala tangu nimlete nyumbani. Leo siku ya arobaini na moja." Nilikuwa nimekaa barazani hapa Muze, fulana imelowa jasho, maana joto la bonde letu halina haraka ya kupoa. Baada ya marahaba nilimwuliza jambo moja tu: anapolala huyo chatu pana joto kiasi gani? Alinijibu kwamba pana joto la kutosha. Hakuwa amepima sakafuni.

Naandika namna tulivyolitatua lile jambo, yeye akiwa na mizani na mimi nikiwa na simu, kwa sababu nimeona wafugaji wengi wa nyoka wanaanza na chakula. Wanabadilisha panya wa leo kwa panya wa kesho, mkubwa kwa mdogo, mweupe kwa mweusi. Mtu wa Muze hawezi kuanza hapo. Sisi tunashuka kutoka Sumbawanga mjini, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, tunateremka ukuta wa Lyambalyamfipa hadi tambarare za Ziwa Rukwa, karibu mita 800. Asubuhi ya Julai unaondoka juu umevaa sweta, na kabla ya mchana, huku chini, unaitafutia mahali pa kuiweka. Tofauti hiyo nyoka anaishi nayo mwilini. Hatengenezi joto lake. Analipata kwenye ardhi, jiwe na jua. Akimeza panya halafu akabaki kwenye ubaridi, tumbo halifanyi kazi, na yule panya anaweza kuoza ndani kabla hajasagika. Chatu anayekataa kula mahali pa baridi anajilinda.

Chatu wa mpwa wangu si wa aina ya huku kwetu. Wetu wa bondeni ni yule mkubwa anayeweza kuzidi mita nne na kummeza swala. Wake ni *Python regius*, chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, anayepatikana kuanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Akikua mara nyingi huwa na urefu wa mita moja au kuzidi kidogo, na akiogopa hujikunja kama mpira, kichwa kikiwa katikati. Ghana, Togo na Benin zimesafirisha makinda wake kwa wingi kwenda nchi za nje, na leo wengi huzaliwa mikononi mwa wafugaji. Huyu alikuwa na miezi minne na gramu 68. Aliyemuuza alisema ameshakula mara tatu, kwa hiyo hatukuwa na kinda ambaye bado hajajivua gamba la kwanza. Wale huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, na kutokula kwao wiki ya kwanza hakumsumbui anayewajua.

Nilimwambia akihamishe kipimajoto. Alikuwa amekibandika juu kwenye kioo, karibu na taa, nacho kilisoma nyuzi 31 za Selsiasi. Alipokiweka sakafuni, ndani ya pango dogo analojificha chatu, kikasoma 25. Joto linalomfaa ni 31 hadi 33 upande wa moto na 25 hadi 27 upande wa baridi, ili achague mwenyewe. Chatu wake hakuwa na upande wa kuchagua. Tukaweka mkeka wa joto chini ya sanduku, ukiongozwa na themostati. Bila themostati mkeka huo unaweza kumuunguza nyoka tumboni, naye akabaki hapo hapo amelala.

La pili lilikuwa nafasi. Alimnunulia sanduku kubwa la kioo, lenye mwanga na mandhari, kwa nia njema kabisa. Lakini chatu wa aina hii mchana hukaa ndani ya vichuguu na mashimo ya panya, mahali ambapo ubavu unagusa udongo pande zote. Kwenye sanduku pana lililo wazi kinda hujiona yuko mbele ya mwewe. Tulimhamishia kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu ya hewa, tukaweka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa moto na moja upande wa baridi, asije akalazimika kuchagua kati ya joto na usalama. Karatasi zilizokunjwakunjwa zikajaza nafasi iliyobaki. Halafu nikamkataza kumshika kwa siku saba. Hilo lilimuuma kuliko yote, maana kila mgeni aliyefika alikuwa akionyeshwa chatu.

Siku ya 50 akamjaribu. Chatu hakula, lakini mpwa wangu aliona kitu ambacho hakuwa amekiona: badala ya kujikunja mpira, alitoa kichwa, akapepesa ulimi kwa muda mrefu, kisha akageuka polepole. Nilifurahi sana, na yeye hakunielewa. Kwangu kazi ilikuwa imefika nusu. Mnyama aliyekuwa akijificha sasa alikuwa akichunguza.

Mizani ya jikoni ilitusaidia kutulia. Gramu 68 zilikuwa zimeshuka hadi 64, yaani kama asilimia 6 tu. Tulikubaliana kwamba zikipungua kwa asilimia 10 ataenda kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka, bila kunisubiri. Marafiki zake walikuwa wanamshauri amfungue mdomo na kumsukumia panya kooni. Nilimkatalia kwa ukali. Koo la kinda wa gramu 64 linachanika kwa urahisi, na nyoka aliyelazimishwa mara nyingi hutapika, akapoteza zaidi ya alichopewa. Kazi hiyo ni ya daktari, baada ya njia nyingine zote kushindikana.

Tukamgeukia panya mwenyewe. Alikuwa anamtoa kwenye friza, anamwacha ayeyuke mezani, kisha anampeleka akiwa na joto la chumba. Kwenye mdomo wa juu wa chatu huyu kuna vishimo vinavyohisi joto la mawindo gizani. Panya aliyepoa kama meza, kwa vishimo hivyo, ni kama hayupo. Nilimwambia amfunge kwenye mfuko, amtumbukize kwenye maji ya moto hadi mwili ufikie joto la 38 hivi, amkaushe, azime taa, amshike kwa kibano kirefu na amtikise kidogo karibu na maficho. Panya alikuwa wa gramu 8, unene wake hauzidi sehemu nene ya mwili wa chatu. Usiku wa siku ya 53 chatu alirusha kichwa, akamkamata, akamviringa, kisha akamwachia na kuondoka.

Ikawa imebaki harufu. Nyoka akishaua hunusa kwa ulimi ili ajue ameshika nini. Panya mweupe aliyezalishwa kwenye vizimba hana harufu ya kitu ambacho jamii ya chatu huyu imekuwa ikikila kwa vizazi vyote. Mwaka 1998 watafiti Luiselli na Angelici walichapisha matokeo kutoka kusini-mashariki mwa Nigeria yaliyoonyesha kwamba chatu wadogo, wasiozidi sentimita 70, hula zaidi ndege wadogo, na wakikua ndipo wanapohamia kwa mamalia wadogo. Ndiyo maana wafugaji wengine humsugua panya kwa manyoya ya kifaranga. Wengine hutumia panya wa Kiafrika mwenye manyoya laini, *Mastomys*, ambaye huzalishwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya chatu wanaosusa.

Nilipomtajia jina hilo mpwa wangu alinyamaza. Ni panya shamba. Ndiye yule yule anayetufukulia mbegu za mahindi kabla hazijaota, ndiye Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kimemfanyia utafiti kwa miaka mingi kwa sababu ya hasara anayowaletea wakulima wa Tanzania. Jike lake lina chuchu hadi ishirini na nne, na mvua zikienda vizuri huzaa hadi mashamba yakajaa. Mpwa wangu amekua akiwawekea mitego kwenye ghala la babu yake. Sasa alikwenda kwa mfugaji mmoja wa panya hao kuomba viganja viwili vya matandiko yao machafu, akamviringisha humo panya mweupe aliyepashwa moto.

Siku ya 56, saa tano usiku kwa saa zao, simu yangu ikalia. "Mjomba, amemeza."

Nilimruhusu ashangilie, lakini swali langu lilikuwa bado halijajibiwa: kipi kati ya haya kimefanya kazi? Tulikuwa tumebadilisha mengi. Kwa hiyo tukaanza kuondoa. Chakula cha pili, baada ya siku saba, kilikuwa na harufu kamili. Cha tatu kiasi kidogo tu kichwani. Cha nne panya mweupe mtupu. Vyote alikula. Kumbe harufu ilihitajika mara chache tu, kumfungulia njia. Kisha, mwezi wa Aprili, themostati ikaharibika na sakafu ikashuka hadi 24 bila mpwa wangu kujua. Chatu akasusa tena. Mpwa wangu akaitengeneza themostati, akasubiri siku tatu, akampa panya yule yule mweupe, naye akala. Jaribio hilo hatukulipanga, lakini ndilo ninaloliamini kuliko yote: joto ndilo lililobeba mzigo, maficho yakalisaidia, na harufu ikamalizia.

Nami nataka niseme jambo kwa vijana wa huku wanaoniuliza kama wanaweza kuokota kinda la chatu mpungani wakajaribu. Msijaribu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga bila kibali. Na kabla ya sheria hiyo Ufipa, nchi yetu, ilikuwa na yake. Chatu alihusishwa na mizimu ya mahali, na aliyejitokeza kijijini aliheshimiwa. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alimpa chatu wa Wafipa nafasi kubwa katika kitabu chake cha 1974, *Man and Beast*. Marehemu mama yangu alikuwa akimwona chatu njiani anasimama kimya hadi apite. Nilimsimulia hayo mpwa wangu katika zile siku saba alizokatazwa kumshika, alipokuwa akinipigia kila jioni kuuliza kama sasa anaweza kumtoa kidogo tu.

Mwezi Juni chatu alifika gramu 131. Wiki iliyopita nimepata ujumbe wake: amekataa panya, macho yamekuwa na ukungu wa buluu, ngozi imefifia. Nikamjibu anajivua gamba, aongeze unyevu, amwache.