Chini Patabaki Patupu

Kabla nijiunge na chuo, nabii mmoja wa mtaani aliniwekea mkono kichwani, akamwambia mamangu: huyu atatoka chuo mbele ya wenzake. Mathe alishangilia, akatoa sadaka. Na kweli nilitoka, mwaka wa pili, karo ilipokatika. Mpaka leo hajaamua kama nabii alikosea.

Stori hiyo ilinirudia nikicheza Undertale, gemu ya Toby Fox iliyotoka 2015. Ni nyepesi, hata laptopu iliyochoka kama yangu inaibeba. Wewe ni mtoto wa binadamu uliyeanguka chini ya mlima, kwenye nchi ya mazimwi waliofungiwa huko na binadamu baada ya vita. Kuna kobe mzee anaitwa Gerson, ana kaduka kake. Ukimuuliza kuhusu nembo ya ufalme, anakupa utabiri: malaika aliyeiona dunia ya juu atarudi, na chini patabaki patupu. Wakubwa walisikia ukombozi. Siku hizi, anasema mzee, wengine wanamwita malaika wa mauti.

Sasa cheza. Ukimhurumia kila mtu, ukuta wa uchawi unavunjika, mazimwi wanatoka juani. Patupu. Ukiua wote, hata Papyrus anayekufa akiamini bado unaweza kubadilika, patupu vilevile.

Wachezaji wengi huishia hapo: malaika ni wewe, jichagulie. Mimi sikubali haraka hivyo. Asriel, mtoto wa mfalme, alishapanda juu akiwa amebeba maiti ya rafiki yake, akarudi kufia nyumbani. Na kwenye njia ya amani, anayeuvunja ukuta ni yeye, si wewe. Kama utabiri una mwenyewe, mbona asiwe huyo? Shida ni kwamba kwenye njia ya damu unamuua yeye pia. Hapo nadharia yangu inachechemea, na sina dawa yake.

Lakini kinachonishika zaidi ni miisho ya katikati, ile watu huiruka wakikimbilia ule mzuri. Unatoka peke yako. Sans anakupigia simu, anakueleza nani anatawala sasa. Wao wamebaki huko chini. Utabiri haujatimia na haujavunjika, bado wanangoja. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya gemu iliyo ngumu kuliko vita vyote, kwa sababu hakuna wa kupiga. Unasikiliza simu tu, halafu inakatika.

Juzi mathe ameniuliza kama wenzangu wamemaliza.

"Wengi," nikamwambia. "Kuna wachache bado wako na supp."

Akanyamaza kidogo, akikoroga chai.

"Hao wachache," akasema, "si pia ni wenzako?"

Kisha akauliza kama fomu za kurudi bado zinachukuliwa.